Siku ya Ukaguzi Nilimvalisha Mume Wangu Suti

Bi Zamda, shikamoo. Mimi ni msomaji wako wa kila Ijumaa, gazeti tunalisoma nyumba tatu kwa zamu na likinifikia mimi mara nyingi limeshafungiwa maandazi, lakini ukurasa wako huwa hawauchani, na sikuwahi kufikiri hata siku moja kwamba nitakaa chini nikuandikie mambo ya nyumba yangu, maana nimelelewa kwamba cha ndani hakitolewi nje, ila sasa yamenifika shingoni, naomba uninusuru kwa ushauri kabla ya mkutano wa mtaa, ambao ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu.

Nina miaka hamsini na sita, naishi Chemchem hapa hapa Tabora, na mume wangu Emilian amenizidi kumi. Tuna binti mmoja, Agnetha, ameolewa Igunga. Mume wangu alikuwa mbeba mizigo kwenye ghala la tumbaku kwa miaka ishirini na minane, na si mbebaji wa kubahatisha, alikuwa kiongozi wa zamu, robota la tumbaku likipanda begani kwake alitembea nalo utadhani amebeba mto wa kulalia, na ukoo wao wote ni watu wa mizigo, babu wa babu yake alitoka hapa kwa miguu na pembe ya ndovu begani mpaka pwani, akarudi, akaenda tena, hadithi hiyo naisikia tangu siku ya posa na mimi naiamini, na neno lao la ukoo ni moja tu, sisi tunabeba, hatubebwi. Nilipoolewa nililipenda sana neno hilo. Sasa ndilo linalonimaliza.

Alipoacha kazi mgongo ukaanza kumsumbua, tukadhani ni uchovu, tukachua kwa mafuta, baadaye miguu ikaanza kufa ganzi, tukaenda hospitali alfajiri watu wasituone, wakampiga picha, wakasema uti wa mgongo umebanwa, wakatupa dawa na karatasi, na huu ni mwaka wa pili Bi Zamda mume wangu hajasimama. Majirani wanajua ana mgongo, hawajui kwamba hasimami. Kila asubuhi namvuta juu ya kitenge kutoka kitandani mpaka dirishani, nampandisha kwenye stuli yenye mgongo, namvalisha shati nililolipiga pasi, na wapita njia wanamwona kuanzia kifuani kwenda juu, anawasalimia, anawatania, wanapita wakisema mzee Emilian amezeeka vizuri. Kanisani hajafika, anasema hataingia mbele ya altare amebebwa mgongoni kama gunia. Jumuiya ikifika zamu ya kusali kwetu nasema tuna msiba Nzega, mpaka sasa ndugu zetu wa Nzega nimewaua karibu wote kwa mdomo, Mungu anisamehe, na wengine wanatupigia simu wakiwa wazima.

Aliyejua ukweli ni mmoja tu, Mwanahawa, yule mhudumu wa afya wa mtaa wetu anayepita nyumba kwa nyumba, kwa sababu siku moja aliingia bila kubisha akanikuta namvuta. Akashika upande wa pili wa kitenge tukavuta pamoja. Mwezi uliofuata likabandikwa tangazo kwenye ubao wa ofisi ya mtaa kwamba vimepatikana viti vya magurudumu kwa watu wasiotembea, wenye uhitaji waandikishwe, na watu wa ustawi wa jamii watapita majumbani kuhakiki. Mwanahawa akaandika jina la mume wangu, akaja kuniambia, mama, Alhamisi saa nne wanakuja kukagua, mimi siku hiyo nina chanjo ya watoto sitakuwepo, ninyi waoneshe hali ilivyo.

Hapo ndipo nilipokosea, na nakuomba usinicheke. Niliposikia wageni wa serikali wanakuja kwangu, kitu cha kwanza kilichonijia kichwani ni kwamba sina pa kuwakalisha. Tulikuwa na viti vinne vya mbao, viwili vimevunjika. Nikatoka mbio kwa jirani yangu Hafsa, mumewe Saidi ni fundi wa makochi, kulikuwa na seti mpya nyekundu ya mteja wa Nzega inayosubiri lori, nikamwambia shoga yangu, niazime mpaka adhuhuri tu, akakubali kwa sharti kwamba nailoni isitolewe. Makochi yakaingia. Nikapaka chokaa ukuta wa mbele. Nikachinja jogoo. Mume wangu akayatazama yote hayo halafu akaniambia, basi nipe na suti yangu ya harusi ya Agnetha, nikampa, nikamfunga tai, nikamwambia Saidi leo mgongo umembana kupita siku zote, tukamwinua mimi naye tukamkalisha kwenye kochi kubwa, na miguu nikaifunika kwa kitenge kipya nikakikunja vizuri mtu asiulize.

Akaja dada mmoja mpole anaitwa Recheli, na karatasi zake. Akakaa, nailoni ikalia chini yake kila akijigeuza, na mimi nadhani alijisemea hawa ndio wale wenye nacho ambao hata kochi hawalivui nguo. Akamuuliza mume wangu, mzee unaendeleaje, akajibu, sina neno binti yangu, ni mapumziko tu ya uzee. Akamuuliza kama anaweza kusimama kidogo amwone, na mume wangu akacheka kile kicheko chake cha ghalani akamwambia, "Mwanangu, Mnyamwezi akishakaa mbele ya wali na kuku hasimami mpaka sahani iishe." Dada wa watu akacheka, tukala, akaandika. Wakati wa kuaga akanishika mkono akaniambia hongera mama, nyumba nzuri, mzee ametunzwa, sasa ngoja tuwafikirie wenye shida zaidi. Na mimi, Bi Zamda, mimi niliyekuwa nimemvuta mtu huyu juu ya kitenge asubuhi ile ile, nikasema asante.

Adhuhuri ikaadhiniwa Saidi akaja na mkokoteni kuchukua makochi. Tukamwinua Emilian tukamshusha kwenye mkeka, bado amevaa suti na tai. Makochi yalipotoka alibaki akitazama alama za miguu ya kochi kwenye sakafu, kisha akasema, "Mama Agnetha, leo nimejisikia mtu." Nikaingia jikoni nikalia, sijui hata nililia nini, kiti kilichopotea au furaha ya mume wangu.

Viti vilienda kwa wengine, na mmojawao ni mzee Dionis, amekatwa mguu kwa sababu ya sukari. Huyu walikuwa pamoja ghalani, ndiye aliyekuwa akimwinulia robota. Sasa kila asubuhi anapita na kiti chake kuelekea sokoni, anasimama dirishani anaita kwa salamu ya kwetu ya asubuhi, "Mwangaluka, Emilian! Toka basi twende!" na mume wangu anaitikia mwangaluka, anamwambia tangulia nakuja, na Dionis akishapita anageuza uso ukutani mpaka jua linapanda. Dionis ameshabisha hodi mara tatu, nimemwambia amelala. Nakiri kwako, nimemchukia yule mzee bila kosa lolote.

Sasa Mwanahawa amenijia juu, anasema nimemuumbua, kwenye karatasi imeandikwa mume wangu anajimudu na hana uhitaji. Ila anasema kuna awamu ya pili ya viti, majina yatasomwa kwenye mkutano wa mtaa Jumamosi hiyo, na kwa kuwa taarifa yetu imeandikwa hivyo itabidi mimi mwenyewe nijitokeze niseme. Nimemgusia mume wangu. Hakugomba, alinijibu taratibu tu, na hilo ndilo linaloniogopesha. "Nenda ukitaka," aliniambia, "lakini usirudi na kiti, maana sitakikalia."

Bi Zamda, nifanyeje? Niende nisimame mbele ya mwenyekiti na majirani wote niseme makochi yalikuwa ya kuazima na jogoo alikuwa wa mwisho, nimvue mume wangu suti mbele ya mtaa mzima, na pengine kiti kije akikatae? Au ninyamaze niendelee kuvuta kitenge, tubaki na heshima yetu? Mikono bado ninayo. Ila kitenge cha kwanza kimeshachanika, na mimi mwenyewe mgongo umeanza kuuma.

Ni mimi Mama Agnetha, Chemchem.


BI ZAMDA ANAJIBU

Marahaba, Mama Agnetha. Kwanza niwatulize wasomaji: majina yote nimeyabadilisha, mtaa nao si huo, kwa hiyo ninyi wa Chemchem msianze kuzunguka mkihesabu makochi ya watu.

Uliniomba nisicheke. Nimecheka. Nilipofika kwenye nailoni niliweka barua chini nikafuta machozi kwa ushungi, halafu nikaendelea kusoma nikafika pale mumeo aliposema leo amejisikia mtu, na kicheko kikaniishia hapo hapo. Nimeisoma barua yako mara nne, na siku nzima sijajibu nyingine.

Sasa nisikilize, maana nitakugombeza. Wahenga wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni wako alikuja, tena mgeni mwenye kalamu na kiti cha magurudumu nyuma yake, na wewe mwenyeji ukakataa kupona. Binti yule hakuja kuposa. Ulimpokea kama mkwe, ukamlisha jogoo wa mwisho, ukamwonesha ukuta mweupe, naye akaandika alichooneshwa. Alitumwa kutazama miguu, wewe ukaifunika kwa kitenge kipya. Halafu unashangaa karatasi imesema anajimudu? Angeandika nini, Mama Agnetha, kwamba suti haijakaa vizuri mabegani?

Unaita ulichofanya heshima. Nusu yake ni heshima kweli, na hiyo sitaki uitupe. Mimi nimezaliwa mji huu, najua mtu wa kwetu akisikia hodi anavyohangaika na kiti kabla hajajua nani amebisha. Mji wetu ulikua kwa kupokea watu waliotoka mbali na vumbi miguuni, na mpaka leo ukifika nyumba ya Tabora unapewa maji kabla hujaulizwa shida yako. Nakusifu kwa jogoo. Nakusifu kwa shati la pasi kila asubuhi kwa miaka miwili. Wako wanawake wenye waume wazima wanaotoka na mikunjo kifuani. Lakini nusu ya pili si heshima, ni kuficha, na mficha maradhi kifo humuumbua.

Hili nalijua kwa machungu. Mama yangu alikuwa mshonaji, mikono yake ilisifiwa mpaka Nzega. Macho yalipoanza kufifia akawa anashona kwa kupapasa, na mimi ndiye niliyekuwa namtungia uzi kwenye sindano. Walikuja madaktari wa macho, bure, siku tatu. Nikampeleka. Daktari akasifu gauni lake, akamuuliza umelishona mwenyewe, akasema ndiyo, akaulizwa na macho vipi, akasema hayana neno. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni. Nilijua. Nikanyamaza, kwa sababu sikutaka kumuumbua mama yangu mbele ya foleni. Alikufa haoni, na wajukuu wake alikuwa akiwajua kwa kuwapapasa nyuso. Kwa hiyo usiniulize kama unyamaze. Nilishanyamaza kwa niaba yako, na najua mwisho wake.

Haya, tufanye kazi. Gazeti hili limetoka Ijumaa na mkutano wako ni Jumamosi ya wiki ijayo. Una siku nane, na kama utazitumia vizuri huenda usilazimike kumvua mtu suti mbele ya mtaa.

Jumatatu asubuhi chukua zile karatasi za hospitali, zote, hata zilizokunjamana, na kitambulisho cha mumeo, nenda ofisi ya mtaa kwa mtendaji. Usianze na hadithi ya ukoo. Sema, nyumba yangu ilikaguliwa Alhamisi fulani, taarifa haikueleza hali halisi, naomba ukaguzi wa pili. Waombe waandike ombi hilo na wewe ubaki na nakala. Kisha mtafute yule dada Recheli mwenyewe, ofisini kwake, mkiwa wawili, umweleze habari ya makochi. Ndiyo, utaona haya. Atacheka kidogo, kama mimi. Lakini wewe si wa kwanza. Watu wa ustawi wa jamii wameona mengi kuliko mimi, na mtu anayerudi kusema ukweli kwa miguu yake hawamfukuzi. Mchukue Mwanahawa mwende naye, na kabla ya hapo umwombe radhi, kwa sababu yule mwanamke alishika upande wa pili wa kitenge chako bila kuombwa na wewe ukamfanya aonekane mwongo kazini.

Ukiwa huko, uliza na mengine. Uliza msamaha wa matibabu kwa wazee unapatikanaje, uliza kama mtaalamu wa viungo wa hospitali anaweza kumpima mumeo kabla ya kiti kutoka, maana kiti kisichopimwa kinampa mtu vidonda, na huo mgongo wako unaouma nao ukapimwe msije mkavutwa wote wawili. Katika miji yetu hii ofisi hizi haziko mbali. Tunazipita kila siku na ndoo kichwani, hatugeuzi shingo. Ubao wa matangazo unauona ukienda sokoni, uusome. Kuuliza hakumpunguzii mtu kimo.

Akija tena mkaguzi, muoneshe sakafu tupu na stuli ya dirishani. Mpe chai. Chai inatosha, jogoo hata hivyo huna. Na mume akalie anachokalia siku zote. Makochi waachie watu wa Nzega.

Jumuiya nao waambie zamu yenu imefika, waje wasali kwenu. Itabidi uwaeleze ndugu wa Nzega wamefufukaje, hilo sikusaidii, jitetee mwenyewe.

Nakuja kwa mzee Dionis. Umemtaja kwa chuki ukapita haraka, mimi nimesimama hapo hapo. Mama Agnetha, mlango mliomfungia ndio huo huo ulio na dawa. Kesho asubuhi akiita mwangaluka dirishani, usiseme mumeo amelala. Fungua. Mwingize na kiti chake mpaka ndani, kisha wewe toka, nenda kwa Hafsa ukanywe kahawa, usirudi kabla ya adhuhuri. Kuna maneno mwanamume hawezi kuyasikia kwa mkewe, hata awe mke wa dhahabu kama wewe, lakini atayasikia kwa mtu aliyebeba naye.

Na sasa niseme na wewe, Baba Agnetha, maana najua ukurasa huu utasomewa, na kama mkeo hakukusomea basi Dionis atakusomea. Shikamoo, kaka yangu. Nimekusikia: sisi tunabeba, hatubebwi. Neno zuri, na ukoo wenu umelilipia kwa jasho. Mimi pia ni mtu wa mji huu na nikisikia habari za wabebaji wetu natembea nimeinua kichwa. Nina swali moja tu. Miaka ishirini na minane, lile robota lilipandaje begani kwako?

Hukujitwisha mwenyewe. Robota la tumbaku halijitwishwi, unajua wewe kuliko mimi. Uliinama, ukasema haya, na Dionis na mwenzake wakaliinua wakakuwekea, ukasimama, ukaenda. Mliitana siku nzima, nitwishe, nitwishe, na hakuna hata mmoja ghala lile aliyesema fulani leo ameomba. Na babu wa babu yako, ile pembe aliyokwenda nayo pwani, unadhani iliruka yenyewe kila alfajiri ikatua begani? Mkeo akitoka bombani na ndoo ya maji humwambia mtu yeyote anayepita, hata asiyemjua, nitwishe, naye hutwishwa, na hurudi nyumbani kifua mbele. Kutwishwa si kubebwa. Anayetwishwa ndiye anayebeba.

Mzigo ulionao sasa ni mzito kuliko robota lolote, na miaka miwili umeubeba bila kuutua, tena kwa shati la pasi na utani dirishani. Nakuvulia kofia. Lakini uliubeba juu ya mgongo wa mkeo, Baba Agnetha, kila asubuhi, kutoka kitandani hadi dirishani. Ulisema hubebwi. Umebebwa miaka miwili na mwanamke mmoja peke yake, kwa siri, mpaka kitenge kimechanika. Kiti kile hakiji kukubeba wewe. Kinakuja kumtua yeye.

Tena si sadaka. Kila robota lililopita begani kwako lililipiwa ushuru, na ushuru huo ndio uliosaidia kujenga barabara na zahanati tunazojivunia. Uliubeba mji huu zamani, na leo mji una deni kwako. Ukikataa unawanyima watu haki ya kukulipa shukrani, na hiyo kwa mila zetu ni kosa.

Mama Agnetha, narudi kwako nimalize. Kama siku nane hazitatosha na ikabidi usimame Jumamosi, simama. Salimia wakubwa, vaa vizuri, ongea kwa sauti inayofika nyuma. Usijikunyate na usilie. Ukianza kulia watakuhurumia, na huruma siyo uliyokwenda kutafuta. Huna haja ya kumtangaza mumeo wala kueleza habari ya makochi, hilo litakuwa limeshamalizwa ofisini. Sema maneno machache tu: "Baba Agnetha amebeba mizigo ya mji huu miaka ishirini na minane. Sasa ana mzigo wake. Naomba mtutwishe." Kisha ukae. Kila mtu aliyekaa pale amewahi kutwishwa kitu na mwingine, na hatakuwepo hata mmoja asiyeelewa.

Na ile suti usiifungie sandukuni. Ipige pasi uitundike ukutani mahali mumeo anapoiona. Ulimvalisha siku ambayo haikuwa yake. Siku kiti kitakapofika, na Dionis akiwa anamsubiri mlangoni, ndipo mtolee, umfunge na tai, atoke nayo.